Wageni Wanakuja Kuona Sanduku

Barua ya wiki hii imetoka Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani. Mwandishi ni mdogo wetu, mzaliwa wa Moshi, muuguzi, ana miaka tisa ughaibuni. Anasema wanawake kumi na wawili wa kanisani kwake, wote Wamarekani isipokuwa yeye, wamechangishana nauli na mwezi wa saba wanakuja Tanzania kwa siku kumi. Hawaji kupanda mlima. Wamesikia kwamba mikopo midogo inabadilisha maisha ya wanawake wa Afrika, baadhi yao wameshatoa pesa zao kwa ajili hiyo, na sasa wanataka kuona kwa macho. Mkalimani ni yeye. Wifi yake ni mwanachama wa mojawapo ya vikundi watakavyovitembelea, na ameshampigia simu mara tatu: "Wifi, safari hii utuletee wafadhili." Mwisho wa barua kuna swali moja fupi: "Dada, siku hiyo nikae upande gani, kwa wageni au kwa wenyeji?"

Mdogo wangu, nakujibu wewe, ila namjibu pia wifi yako, pamoja na akina mama wote ambao mwenyekiti wao amewaambia wapige pasi vitenge vya sare kwa sababu Jumatano kuna ugeni. Swali lako limenigusa penye kidonda.

Niliwahi kuwa katibu wa kikundi. Tulikuwa wanawake ishirini na sita, pembezoni mwa Dar es Salaam, tukikutana kila Jumatano saa tisa alasiri chini ya mwembe, nyuma ya nyumba ya mwenzetu. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000, na mtu hakuruhusiwa kuzidisha hisa tano kwa kikao. Siku moja tukaletewa habari kwamba tutatembelewa na akina mama kutoka ng'ambo. Wiki ile tulishona sare, tukafundishana wimbo, tukachagua watatu wa kutoa ushuhuda: mwenye genge, mwenye cherehani mbili na mfuga kuku. Sasa, kulikuwa na mwenzetu aliyekuwa nyuma marejesho ya miezi mitatu. Alikopa mtaji wa kukaanga vitumbua, mtoto akalazwa, mtaji ukaishia hospitali. Sisi viongozi tulimwomba siku ile asije. Tulimwomba kwa upole, wala hakubisha. Kwenye daftari la mahudhurio, kwa mkono wangu huu, nikaandika mbele ya jina lake: udhuru.

Wageni walikuja, wakacheza nasi, wengine wakatokwa na machozi, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyewadanganya kwa mdomo. Lakini walitoka chini ya mwembe ule bila kumwona mtu mmoja ambaye, kama wangekaa naye nusu saa, angewafundisha mengi zaidi kuhusu mkopo kuliko wale watatu tuliowapanga. Mpaka leo nikikutana naye sokoni ananisalimia vizuri, nami naitikia nikiwa na lile neno kichwani.

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wageni wanaokuja kutazama mikopo hupelekwa harusini, wakala, wakaimba, wakarudi kwao kusimulia harusi. Kazi yako wewe, mdogo wangu, ni kuwafikisha na upande wa matanga bila kumvua nguo mwenye msiba. Kazi hiyo inaanzia hukohuko Columbus, kabla ya tiketi.

Kwanza waambie kwamba neno hilo moja, mikopo midogo, limebeba vitu viwili ambavyo havifanani. Kimoja ni kampuni au benki inayokuja na pesa yake na afisa mikopo wake, inakusanya akina mama watano watano wadhaminiane, inakopesha na kudai kila wiki au kila mwezi. Mtindo huo wengi wanauhusisha na Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi wa Bangladesh ambaye mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra, alitoa dola 27 mfukoni mwake akawakopesha watu 42 waliokuwa wakikabwa na wakopeshaji wa pale. Kutoka hapo ikazaliwa Grameen Bank, iliyopata hadhi ya benki mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Nadhani hiyo ndiyo hadithi waliyoisikia hao wenzako.

Kitu cha pili ndicho hasa watakachokikuta kwa wifi yako: sanduku. Hapa pesa haiji na mtu. Wanawake wenyewe wananunua hisa, hisa zinarundikana, wanakopeshana kwa zamu, mara nyingi hadi mara tatu ya hisa za mtu, na mwisho wa mzunguko, mwaka au karibu na mwaka, wanalifungua sanduku na kugawana kilichomo pamoja na riba iliyopatikana. Mtindo huu haukutoka Bangladesh. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuufanyia kazi na wanawake wa Maradi, nchini Niger, Waafrika wenzetu wa ukingoni mwa jangwa ambao tangu zamani walikuwa na upatu wao kama sisi tulivyo na wetu. Baadaye ukafika Zanzibar, ukaingia bara, na leo ukisema VICOBA karibu kila mtaa wa Tanzania mtu anakuelewa. Wakenya wana chama na table banking, na wao pia hawakungoja mgeni awafundishe kuaminiana.

Kwa nini tofauti hii inanishughulisha namna hii? Kwa sababu ya riba. Mama akikopa kwenye sanduku, riba anayolipa inabaki sandukuni, na siku ya mgao sehemu yake inamrudia. Akikopa kwa kampuni, riba imeondoka. Simaanishi kwamba kampuni zote ni mbaya. Wapo watu ambao mtaji wanaouhitaji hautoshi kwenye sanduku la watu thelathini, na mkopo wa kampuni umewavusha. Lakini mgeni asiyejua riba inaelekea wapi hajaona kitu, hata kama amekaa siku kumi.

Wafundishe hesabu hii mkiwa bado kwenye ndege. Mama amekopa shilingi 600,000 kwa miezi sita, riba asilimia 5 kwa mwezi. Ikiwa riba inahesabiwa juu ya mkopo wote kila mwezi, analipa riba ya 30,000 mara sita, yaani 180,000. Ikiwa inahesabiwa juu ya deni lililobaki, huku akirejesha laki moja kila mwezi, jumla ya riba ni 105,000. Asilimia ni ileile iliyoandikwa kwenye karatasi, tofauti ni shilingi 75,000, ambazo kwa muuza mboga ni mtaji mzima. Hapo bado hatujagusa ada ya fomu, bima, na ile akiba ya lazima inayokatwa mwanzoni. Akikatwa elfu sitini siku ya kwanza, mama ameondoka na 540,000 mkononi, lakini riba anailipia 600,000. Wamarekani wako wamezoea kusoma mikataba ya nyumba na magari, haya wataelewa upesi. Wakiuliza swali moja tu kwa kila taasisi watakayoitembelea, liwe hilo: riba mnaihesabu juu ya nini, na mama anatoka hapa na shilingi ngapi mkononi?

Wajue pia kwamba nchi ina sheria. Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyogawa watoa huduma katika madaraja manne. Vikundi kama cha wifi yako viko daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa. Kampuni zinazokopesha bila kupokea amana ziko daraja la pili, na Benki Kuu imeziwekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa hiyo ile asilimia 5 niliyoitumia kwenye hesabu yangu, kampuni ya daraja hilo haina ruhusa kuitoza. Na bado mtaani kuna mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Jina hilo wanalielewa wanawake walioamka alfajiri wakakuta wadai wamekaa barazani wanalisubiri kochi.

Wenzako wanaweza kukuuliza, basi mikopo inasaidia au haisaidii? Usiwajibu kwa ushabiki. Mwaka 2015 watafiti walitoa pamoja matokeo ya tafiti sita kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco. Waliyoyakuta ni kwamba mkopo mdogo huwapa watu uhuru zaidi wa kupanga matumizi yao na biashara zao, baadhi ya biashara hukua, lakini kwa wastani hauwatoi watu kwenye umaskini kwa namna ile iliyohubiriwa. Mimi nikiyasoma nilihisi kama mtu aliyepewa ruhusa ya kusema aliyokuwa akiyaona. Katika sisi ishirini na sita chini ya mwembe, wanne au watano biashara zao zilinyanyuka kweli. Wengine tulitumia mkopo kulipa ada, kuezeka paa, kuzika, kumtibu mtoto. Hayo si mambo madogo. Mwanamke anayeweza kulipa ada mwezi wa kwanza bila kumpigia magoti shemeji amepata kitu kikubwa. Ila kitu hicho hakitoki vizuri kwenye picha, na mgeni akiambiwa atafute mfanyabiashara aliyetajirika, atampita mwanamke huyo bila kumwona.

Sasa nikupe ushauri ambao naomba usiuone wa ajabu. Kabla ya safari, anzisheni kikundi chenu. Nyinyi kumi na wawili, hapohapo Columbus. Hisa dola 10, mkutane kila wiki, chagueni mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wahesabu fedha wawili, na watatu wa kushika funguo. Nunueni sanduku la chuma na kufuli tatu. Wekeni faini ya kuchelewa. Kopeshaneni. Mtaona vichekesho mwanzoni, halafu wiki ya tano au ya sita mmoja atakuja bila rejesho, na chumba kitanyamaza. Atakuwa mtu mnayempenda. Labda gari limeharibika, labda mume hajalipwa. Mtalazimika kuamua mbele yake: tumsubiri, tumtoze faini, au tuchukue kwenye mfuko wa jamii, ule wa dharura? Mkishapita wiki hiyo, mtakuwa mmejifunza ambacho hakuna afisa wa shirika anayeweza kuwasimulia kwa picha ukutani. Na siku ya ziara, wifi yako akiwauliza, "Na nyinyi hisa yenu ni kiasi gani?" mtakuwa na jibu. Nakuhakikishia ataliuliza. Wanawake wa vikundi huulizana hilo kama wakulima wanavyoulizana mvua.

Wala msidhani mtakuwa wa kwanza huko. Kina mama wa Kisomali hapo Columbus wana ayuuto yao, ambayo ni mchezo wetu uleule wa kupokezana. Nendeni mkawasalimie, mjifunze kwao, ni mwendo wa dakika chache kwa gari.

Kuhusu ukalimani. Mkalimani hubeba maneno, lakini hubeba na aibu za watu. Yapo maswali ambayo mgeni huuliza kwa nia njema kabisa na hapa yanachoma. "Unapata shilingi ngapi kwa mwezi?" mbele ya wenzake ishirini na tano, mmoja wao anamdai, mwingine ni mama mkwe wake. "Mume wako anakusaidia?" huku mume amesimama pale mlangoni. "Ulikuwa maskini kiasi gani kabla ya mkopo?" Hili la mwisho silipendi hata kidogo, maana linamtaka mtu ajidhalilishe ndipo apigiwe makofi. Kaa na wenzako jioni moja kabla, waambie wazi maswali gani hutayatafsiri na kwa nini. Usiwatafsirie jambo jingine ukidhani unaokoa hali. Ukigeuza maneno ya mtu umezidanganya pande zote mbili. Sema tu: hili siliulizi hapa.

Badala yake wape swali ninalolipenda kuliko yote: "Ile wiki ambayo biashara haikutembea, rejesho ulilitoa wapi?" Lina heshima, kwa sababu linamchukulia mama kama mtu anayejua kazi yake. Na majibu yake ndiyo elimu. Mmoja atasema aliuza kuku. Mwingine alikopa kwa jirani. Mwingine, na hapa msikilizeni kwa makini, atasema alichukua mkopo sehemu nyingine alipie huu. Ukisikia hilo zaidi ya mara mbili katika kikundi kimoja, mmefika kwenye matanga. Msimkatize wala msimpe ushauri. Kaeni naye tu.

Na swali hili msimwulize mtu kwenye kikao. Ulizeni mkiwa wawili wawili, mkimenya ndizi jikoni au mkimsindikiza sokoni kwake. Ombeni ratiba iwe na siku ya hivyo. Kama mwenyeji wenu amepanga vikundi vitatu kwa siku moja, kata viwili. Kikundi kimoja mara mbili ni bora kuliko vitatu mara moja, kwa sababu mara ya pili ile sare haivaliwi.

Nirudi kwenye ile ziara ya kwetu, maana sijaimaliza. Wageni wakati wa kuaga walimkabidhi mwenyekiti bahasha yenye dola 300. Walitoa kwa moyo mweupe, na sisi tulipokea kwa vigelegele. Pesa ikabadilishwa, ikawekwa sandukuni. Kuanzia hapo kikundi kikaanza kuumwa. Wenye hisa tano walisema igawanywe kwa hisa, kama kila kitu sandukuni. Wenye hisa moja moja wakasema hapana, wageni walikuja kutuona sote, igawanywe kwa vichwa. Mfuga kuku akasema yeye ndiye aliyesimulia. Na yule mwenzetu wa vitumbua, ambaye hakuwepo kwa sababu sisi tulimwambia asiwepo, je, ana fungu? Tulibishana vikao vitatu. Kibaya zaidi, watu wawili wakaacha kurejesha. Walisema pesa ile si jasho letu, ya bure, kwa nini nibanwe? Siku ya mgao kila mtu alichukua chake, na mzunguko mwingine haukuanza. Kikundi kilichovumilia misiba na mafuriko kwa miaka minne kilivunjwa na bahasha.

Ndiyo maana nakuomba kwa dhati, mdogo wangu: msiweke pesa kwenye sanduku. Hata dola moja. Nguvu ya lile sanduku ni kwamba kila shilingi iliyomo ina mwenyewe, na mwenyewe amekaa pale anamtazama anayekopa. Mama hachelewi kurejesha kwa sababu anajua anachelewesha ada ya mtoto wa jirani yake. Ukiingiza pesa isiyo na mwenyewe, jicho lile linafumba.

Najua kuna msemo mgeni njoo mwenyeji apone, na mikono mitupu inaona haya. Basi wenyeji wapone kwa njia iliyo safi. Chakula cha mchana cha siku mbili mpikiwe na mama lishe wa kikundi, kwa bei yake ya kawaida mara idadi yenu, mlipe palepale. Mkitaka vikapu au kahawa, nunueni kama wanunuzi, msitupe chenji kwa huruma. Ziara yenu inakula muda wa biashara, kwa hiyo msije siku ya gulio, na kikao kikiwa cha saa mbili msikifanye cha saa tano. Na ikiwa baada ya miezi mnaona bado mioyo yenu inataka kutoa, ulizeni kijiji kina shida gani ambayo haigawanyiki: madawati, tangi la maji la zahanati, paa la darasa. Pesa ipite serikali ya kijiji, kwa maandishi, mkutano mkuu ukijua. Kitu ambacho hakuna anayeweza kukibeba kwenda nacho nyumbani hakiwagombanishi watu sana.

Wifi, sasa zamu yako, maana najua utasomewa hii. Nakuelewa. Mtu ana ndugu Marekani, kikundi kina miaka, wengine wamepata wafadhili, kwa nini siyo sisi? Lakini jiulize wenzako watakutazamaje bahasha ikipitia kwa wifi yako. Wewe ndiye utakayeulizwa miaka mitano kwamba pesa zilikuwa ngapi hasa. Na kama kikundi chenu kina kiu ya mtaji mkubwa zaidi, ipo njia ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, mkopo usio na riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, uliza vigezo, hakikisha kikundi kimesajiliwa na daftari linasomeka. Hiyo ni haki yenu, hamhitaji kumwimbia mtu. Na huyo mwenzenu aliye nyuma ya marejesho, naye aje siku ya ugeni. Msimwandikie udhuru.

Picha nazo. Wenzako watataka kupiga, na simu zao ni nzuri. Ruhusa iombwe kabla ya kikao, mtu mmoja mmoja, naye anayekataa asiulizwe sababu. Watoto waacheni. Kisha kuna jambo la wale waliotoa pesa kupitia intaneti na sasa wanataka wamwone mama wao, yule wa kwenye picha. Tovuti ya Kiva, kwa mfano, ambayo ilianza mwaka 2005 kwa kukopesha wafanyabiashara wa Tororo, Uganda, huruhusu mtu kutoa kuanzia dola 25 akichagua sura. Lakini mwaka 2009 mtafiti wa Kimarekani, David Roodman, alionyesha kwamba mara nyingi mkopaji yule alikuwa ameshapewa pesa na taasisi ya kwao kabla mtoaji hajabonyeza chochote, na dola zako huenda kuifidia taasisi hiyo. Kiva wenyewe wakarekebisha maelezo yao. Mkopo ulikuwa wa kweli, na mama ni wa kweli, ila hakuwa wa mtu. Waeleze wenzako hili taratibu, ili asitokee mtu akamkumbatia mwanamke asiyemjua na kumwambia "mimi ndiye niliyekusaidia."

Mavazi hayanisumbui, wewe ni mtoto wa nyumbani, utawaelekeza. Viza ya Mmarekani ni dola 100, waombe mapema. Dawa za malaria waulize daktari wao.

Swali lako sasa. Upande gani? Nimelifikiria tangu Jumapili. Ukikaa kwa wageni, wifi yako na wenzake watakuona mfadhili mdogo. Ukikaa kwa wenyeji, wenzako wa Columbus watabaki peke yao kama watu wa sinema. Nenda peke yako siku moja kabla. Mkute mwenyekiti nyumbani kwake, umsalimie shikamoo yake, umuulize kikao kinaanza saa ngapi hasa, wageni wanakaa wapi kwa desturi yao, na nani hatakuwepo kesho. Halafu omba wasipange viti vya mbele. Kila mgeni akae katikati ya wanachama wawili, goti kwa goti, mbele ya beseni la kuhesabia pesa. Wewe kaa karibu na katibu, mahali daftari linaposomwa. Likisomwa jina la mtu na rejesho halipo, utakuwa wa kwanza kusikia, nawe utajua la kutafsiri na la kuacha lipite kimya.

Na barabara ya kwenda kikundini ina vumbi na mashimo, dereva atawaambia dakika arobaini, itakuwa saa moja na nusu. Mkifika mmechelewa, usiwaombee radhi. Muulize mtunza nidhamu faini ni kiasi gani, kila mmoja atoe yake, iandikwe daftarini kama ya mwanachama mwingine yeyote. Hiyo ndiyo pesa pekee ninayowaruhusu kuiweka sandukuni.